CEO wa Watu Wangapi?

Wacha niulize swali la kuudhi. Bio yako inasema CEO. Sawa, CEO wa nani? Juu nikiangalia hiyo biashara naona simu moja, laini moja na mtu mmoja. Huyo mtu saa kumi na moja alfajiri ako Gikomba akingoja beli ifunguliwe, saa nne anapiga picha za nguo ukutani, saa nane anajibu DM za "bei gani", na jioni anabishana na mtu wa nduthi kuhusu mia mbili ya kupeleka mzigo Rongai. Hiyo ni bidii, na mimi siwezi kucheka bidii ya mtu. Lakini tusidanganyane, hapo huongozi mtu yeyote. Wewe ni mfanyakazi wa bosi mkali sana, na bahati mbaya mnatumia mswaki mmoja.

Na hii kitu imekuwa dini. Fungua simu saa yoyote utapata jamaa amekaa kwa kiti cha ngozi, taa ya zambarau nyuma, anakwambia alianza na elfu tano na hakuna aliyemsaidia. Hakuna? Hata yule dada yake aliyekuwa anapanga stoo bure miaka miwili? Hata shemeji aliyemwachia chumba cha mbele afungue duka? Watu wote wamefutwa kwa stori, amebaki yeye na Mungu, na Mungu mwenyewe ametajwa mwishoni. Halafu sisi huku tunakopi na kupesti: fanya kazi peke yako, usiambie mtu mipango yako, usiamini mtu, kaa kimya utoboe. Likes elfu kumi.

Mimi nasema hiyo ni sumu, na inaua biashara za watu wa rika letu kuliko kodi na kuliko kanjo. Kiongozi wa biashara hupimwa kwa watu aliowasimamisha karibu naye, na kile wanaweza kufanya akiwa hayuko. Kasi yake mwenyewe ya kukimbia sio kipimo. Mtoe bosi wiki sita, umnyang'anye na simu, halafu uangalie kama kuna kitu kimebaki kimesimama.

Tuchukue kampuni ambayo karibu wote tunadaiwa nayo. Bob Collymore alichukua usukani wa Safaricom mwaka wa 2010. Mwishoni mwa 2017 akaenda Uingereza kutibiwa, akakaa nje ya ofisi miezi kadhaa, akarudi katikati ya 2018. Huyu hakuwa bosi wa kujificha. Alikuwa uso wa kampuni, nchi nzima ilimjua. Alipoondoka kazi ilishikwa na mkuu wa fedha, Sateesh Kamath, akisaidiwa na Joseph Ogutu aliyekuwa upande wa mikakati. Uliza mzazi wako kama anakumbuka hata siku moja katika ile miezi ambapo alitaka kutuma fees akaambiwa subiri, bosi ni mgonjwa. Hakuna. Okoa Jahazi iliendelea kukukata kama kawaida.

Kisha Julai 1, 2019 Collymore akafariki. Watu walilia kwa ukweli. Ila kampuni haikuyumba wiki hiyo. Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa hapo kabla yake, akarudi kushikilia. Peter Ndegwa akaingia Aprili 2020, yaani anaripoti kazini wakati nchi inafungwa kwa sababu ya Covid. Kampuni imebadilisha viongozi kupitia ugonjwa, kifo na janga, na wewe ulichoona kwa simu yako ni ile menyu ya kila siku.

Sasa najua utaniambia nini. "Buda, hiyo ni Safaricom, iko na mabilioni, mimi niko na beli moja na nusu." Swali zuri. Basi twende nyuma, kabla ya mabilioni.

Kuna stori moja ya mtaani haitaki kufa, eti M-Pesa ilibuniwa na mwanafunzi mmoja wa chuo halafu akaibiwa. Tunaipenda sana hiyo stori kwa sababu ina shujaa mmoja na mwizi mmoja, kama filamu. Rekodi yenyewe haina utamu huo, ni msururu wa watu. Nick Hughes wa Vodafone, kule Uingereza, alipata sehemu ya pesa za kuanzia kutoka kwa mfuko wa serikali ya Uingereza wa maendeleo. Susie Lonie akatumwa Nairobi kuendesha mradi. Programu ikaandikwa na mainjinia wa kampuni inaitwa Sagentia. Faulu, wale wa mikopo midogo, wakaleta wateja wa kujaribu. Commercial Bank of Africa ikaweka akaunti ya kutunzia pesa za watu. Safaricom, chini ya Michael Joseph, ikatoa mtandao na jina. Na Benki Kuu ilibidi ikubali kwanza, kwa sababu hapakuwa na sheria iliyoandikwa ya kampuni ya simu kushika pesa za wananchi. Nitajie sasa ni yupi hapo ungemtoa na bado tuwe na M-Pesa.

Lakini sehemu ninayoipenda ni hii. Majaribio yalianza Oktoba 2005 na yalikuwa madogo sana. Wateja takriban 500, mawakala wa kuhesabu kwa vidole. Hiyo ni kama followers wako wale wanaonunua kweli. Na wazo la mwanzo halikuwa kutumiana pesa! Lilikuwa mtu aliyekopa alipe mkopo wake kwa simu badala ya kusafiri hadi kwa mkutano wa kikundi. Watu walipopewa hiyo kitu wakaanza kuitumia walivyotaka wao. Mmoja anamtumia mwenzake, mwingine anaweka pesa asitembee nayo usiku, mwingine anamlipia mtu wa mbali. Waliokuwa chini wakifuatilia wakaona, wakasema. Mpango wa mikopo ukawekwa kando, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa ikiwa na ujumbe mwingine kabisa: tuma pesa nyumbani.

Hebu simama hapo kidogo. Wazo la bosi lilikuwa mikopo. Ukweli ukaonekana kwa kibanda cha wakala. Ili huo ukweli ufike juu lazima kuwe na mtu wa chini mwenye macho, mwenye ruhusa ya kusema, na mtu wa juu ambaye masikio yake yanafanya kazi. Kikosi ambacho kinasema "ndio bosi" wangeendelea kupolish mpango wa mikopo hadi pesa za majaribio ziishe, na leo ungekuwa unatuma hela na dereva wa basi ikiwa kwa bahasha.

Ndio maana ninacheka mtu akiniambia timu yake ni imara kwa sababu "hatujawahi kukosana". Kwani mko kwa harusi? Timu ambayo haijawahi kukwambia wazo lako ni baya ni mashabiki tu wenye sare. Wengi wetu tukisema tunatafuta timu tunamaanisha chawa, watu wa kucheka jokes zetu na kurepost. Kwa mtumba, msee wa maana ni yule anakwambia uso kwa uso kwamba hii beli umeuziwa fagia, kamera zote zilitolewa kabla ufike, na usirudi kwa huyo muuzaji. Anaumiza. Lakini huyo ndiye amekuokolea mtaji wa mwezi ujao.

Angalia hata matatu. Mwenye gari ako kwake anangoja target. Anayejua kwamba abiria wamehamia stage ya pili kwa sababu barabara imechimbwa ni makanga. Anayesikia kigoma kimeanza kupiga kelele kabla ya kona ni dereva. Mwenye gari ambaye wawili hao wanamwogopa atajua gari ni mbovu siku limelala kando ya barabara na abiria wanadai fare yao.

Na Kipchoge, juu najua kuna mtu ameshaandika "lakini Eliud alikimbia peke yake". Alikimbia peke yake wapi? Oktoba 12, 2019, Vienna, saa moja dakika 59 na sekunde 40. Walioitwa kumwekea kasi, pamoja na wa akiba, walikuwa 41. Katikati yao kulikuwa na Matthew Centrowitz, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500, na Bernard Lagat mwenye medali zake za Olimpiki. Wanaume wenye majina yao wanapokezana zamu kumkinga mtu mwingine upepo. Mbele kuna gari linamulika mistari ya leza barabarani ili wajue pa kukanyaga. Nyuma ya hayo yote kuna Patrick Sang, kocha wake kwa miaka mingi, ambaye mwenyewe ana fedha ya Olimpiki ya Barcelona 1992. Ni kwa sababu ya huo msaada wote ndio muda haukuhesabiwa kama rekodi rasmi ya dunia. Sheria za riadha zenyewe zinakubali kwamba siku hiyo hakukimbia mtu mmoja. Lakini sisi tulinunua tisheti ya binadamu hana mipaka, tukafuta wale 41.

Na kule kambini Kaptagat huyu bingwa husafisha choo zamu yake ikifika. Sio picha ya kampeni, ndivyo kambi inaendeshwa. Linganisha na founder wa mtaa wetu mwenye wafanyakazi wawili na anataka aitwe Sir.

Nije kwa wale wa "usiamini mtu", kwa sababu hawa ndio wengi na hoja yao iko na uzito. Wanasema ukiajiri rafiki atakuibia wateja, ukiajiri ndugu atakuibia pesa, ukiajiri mgeni atakuibia vyote. Sikatai. Nairobi kuna wezi, na wengine wanakujua hadi jina la utotoni. Damu pia haitoshi. Tuskys ilikuwa ya ndugu wa nyumba moja, duka ambalo karibu kila mtoto wa mjini aliburutwa ndani na mamake akitafuta unga. Ndugu walipelekana kortini mbele ya nchi nzima, miaka na miaka. Kufikia 2020 rafu zilikuwa tupu, wenye majengo wanafunga milango, na wafanyakazi wanaandamana kwa mishahara. Kuna mambo mengi yaliyoiangusha, madeni yakiwemo, lakini huwezi niambia nyumba inayoshtakiana inaweza kukaa chini na kupanga madeni.

Kwa hivyo mimi sisemi umwamini kila mtu. Uaminifu wa kwenye biashara hujengwa kwa mpangilio. Pesa iingie kwa till ya biashara, isiingie kwa laini yako ambayo pia unabetia. Mzigo uhesabiwe ukiingia na ukitoka, na asiwe mtu mmoja anahesabu na kuuza na kuandika. Kila mtu ajue kazi yake inaanzia wapi na inaishia wapi. Ukifanya hivyo mwizi anaonekana kwa wiki, na mtu mwaminifu pia anaonekana, ambacho ndicho kitu unachohitaji zaidi. Ukikataa kuweka mpangilio halafu useme watu ni wabaya, umeacha mlango wazi na sasa unalaumu upepo.

Na gharama ya kutoamini mtu haionekani hadi siku ya mkosi. Simu inanyakuliwa pale Tao, na ndani yake ndio kuna wateja wote, bei zote, namba ya mtu wa beli, na akaunti ambayo pasiwadi unaijua wewe tu. Au unalazwa wiki mbili. Wateja wako hawakuchukii, wanaenda tu kwa mwingine, na mtu akishazoea dirisha lingine harudi. Nimeona page za watu wazuri zikifa hivyo. Post ya mwisho ni ya miezi saba iliyopita, na chini mtu anauliza "bado mko?"

Sasa kuna upande wa pili wa hii sarafu na huo ndio unanichoma. Wale walio na timu, wanaitesa.

"Hapa sisi ni familia." Ukisikia hiyo kwa interview, shika begi. Familia hainiombi nije Jumapili halafu inikate nikichelewa Jumatatu. Niliwahi kufanyia kazi mahali, jina nitaliacha, ambapo kila Jumatatu tulikuwa na nusu saa ya motisha, tunaambiwa tuwe na roho ya mwenye kampuni. Roho ya mwenye kampuni tulikuwa nayo. Mshahara wa mfanyakazi ndio ulikuwa unafika tarehe ishirini ya mwezi unaofuata. Watu wanne wazuri waliondoka ndani ya mwaka mmoja, na bosi kila mara anasema kizazi hiki hakina uvumilivu. Mmoja wao alikuwa ndiye anajua password ya kila kitu. Nitakuacha umalizie mwenyewe.

Turudi kwa M-Pesa dakika moja, kuna kitu watu hawaoni. Ukienda kuweka pesa kwa wakala hulipi chochote, sindio? Lakini yule mama kwa kibanda cha kijani analipwa kamisheni kwa hiyo kazi. Mteja hatoi hata shilingi, wakala anapata yake. Mtu alikaa chini akafikiria: huyu ndiye atamfundisha nyanya kubonyeza menyu, huyu ndiye atafunga floti yake kwa biashara yetu, kwa hivyo alipwe hata pale ambapo mteja halipi. Leo mawakala wamepita laki moja, wako hadi pale ambapo lami haijafika. Kama wangeambiwa "tutawapa exposure" tungekuwa na vibanda sita.

Na hili neno exposure, sisi watu wa kontenti ndio tumeliharibu zaidi. Msee anashika kamera yako juani Uhuru Park saa tano mzima. Mwingine anakata klipu hadi saa tisa usiku, anaweka manukuu, anatafuta sauti. Video inapiga, brandi inakuja, unalipwa, na wao unawapea nini? Tag. Tag kwa caption, chini, baada ya hashtag. Halafu mwaka ujao edita ameenda kwa mwenye anamlipa, video zako zimekuwa mbaya ghafla, na wewe unasema algorithm imekuchukia.

Usiniambie biashara ni ndogo, huwezi kulipa mtu. Kama huwezi mshahara, kubalianeni asilimia kwa kila kazi iliyolipa, iandikwe hata kwa WhatsApp, tarehe iwepo, kila mtu aseme ndio. Na ujue pia sheria haijali kwamba ofisi yenu ni bedsitter. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandika ni jukumu la mwajiri. Hata yule unamwita "kibarua" tu, akifanya kazi mfululizo ikafika mwezi, sheria inaanza kumtambua kama wa kulipwa kwa mwezi. Wengi wetu tuko ndani ya hiyo sheria bila kujua, wengine kama waajiri na wengine kama wale wanaoonewa.

Kuna mtu atasema naongea kama HR. Sawa, niite HR. Lakini angalia CEO wako wote unaowapenda, wale wa ukweli, na utafute nani alikuwa anashika hesabu, nani alikuwa mlangoni, nani aliwaambia hapana. Utawapata. Wako, ni vile tu hawakuitwa kwa podikasti.

Kwa hivyo wikendi hii kabla ubadilishe bio, chukua karatasi. Andika nani anajua bei ya kununulia mbali na wewe. Nani anaweza kufungua duka kesho ukikosekana. Nani aliwahi kukukatalia jambo mwaka huu na bado ako hapo. Kama majibu ya hizo zote ni jina lako, toa CEO uandike "nauza nguo", hakuna aibu, ni kazi nzuri na wateja watakuelewa haraka zaidi.

Na kama kuna msee anakukatia klipu tangu Januari na malipo yake yamekuwa ni tag, fungua simu sahii. Menyu unaijua. Ada ya kutuma ilipe wewe, usiitoe kwa pesa yake.